Nilinunua chambo cha bandia kwa kuangalia picha, kikanikalia ndani miezi saba

Wengi humu mnauza nguo, viatu na vipodozi. Mimi nipo Maswa, nauza vifaa vidogo vya kuvulia: ndoana, mishipi, maboya, vizito vya risasi. Pia nauza kitu ambacho nusura kiue mtaji wangu, nacho ni chambo cha bandia. Ni vile visamaki vya plastiki vyenye ndoana tumboni. Wengine huviita vyote rapala, kwa jina la Lauri Rapala wa Ufini ambaye alichonga cha kwake cha kwanza mwaka 1936.

Ilianza hivi. Nilikuwa naangalia video za wavuvi wa Marekani, wanavua samaki wawili wanaoitwa pike na musky. Barafu ikishayeyuka kwenye maziwa yao, pike huingia maji mafupi yenye majani kutaga mayai, na musky hufuata baadaye kidogo. Mvuvi anarusha kisamaki cha plastiki, anavuta, maji yanapasuka, samaki huyo mrefu kama mguu wangu. Nikajiambia, na sisi si tuna maji mafupi yenye majani? Mvua zikianza huku Simiyu, mito inajaa, malambo yanafurika hadi kwenye nyasi, na upande wa Busega ziwa liko jirani. Nikaagiza vipande 60 kwa shilingi 310,000. Nilichagua vile vinavyong'aa kuliko vyote, vyenye ulimi mrefu mdomoni, maana kwenye picha ndivyo vilivyopendeza.

Kwenye status viliuzika. Wiki ya kwanza nikauza 11, nikaanza hadi kupiga hesabu za friji. Halafu simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mteja wa Lamadi: "Dada, kitu chako kinazama chenyewe kinakwenda kushika majani. Nimekata mshipi mara tatu, cha tatu kimebaki huko huko." Wa pili ni kijana wa hapa hapa Maswa anayevua kwenye lambo la kijijini kwao, yeye alirusha siku mbili nzima hakuguswa hata na chura. Mwingine hakulalamika, aliniblock tu.

Mnajua wavuvi walivyo. Mmoja akisema pale mwaloni kwamba yule dada wa Maswa anauza mapambo, jioni wote wanajua. Nilirudisha hela za watu watatu, na mzigo uliobaki nikaupakia kwenye begi nikapanda basi kwenda Lamadi kupitia Bariadi. Sikwenda kuuza. Nilikwenda kuuliza, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuagiza lingenigharimu nauli tu.

Pale nilikutana na mzee mmoja anayetengeneza nyavu. Alichukua kipande kimoja, akacheka, akaomba beseni la maji. "Binti, wewe unauza kitu hujakiogesha?" Akakitia majini, kikaelea. Akasema vizuri, hiki hakizami chenyewe, tatizo liko mdomoni. Akanionyesha ule ulimi wa plastiki. Ukiwa mrefu na umelala kwenda mbele, ukivuta mshipi maji yanausukuma chini, na kisamaki kinapiga mbizi mita kadhaa. Hicho ni cha kuburuta nyuma ya mtumbwi kwenye kina kirefu. Ukiwa mfupi na umesimama kama kidevu, kinatembea juu juu, labda kina cha mkono. Kisicho na ulimi kabisa na kinachoelea kinacheza juu ya maji. Wateja wangu walikuwa wanasimama ufukweni, mbele yao maji ya magotini au kiunoni, chini magugu maji na mizizi ya matete. Mimi nimewauzia kitu cha kuchimba chini! Sikuwa na hata kimoja cha ulimi mfupi kwenye vile 60.

La pili ni ndoana zenyewe. Vyangu vyote vilikuwa na ndoana za pembe tatu, mbili kwa kila kisamaki, yaani pembe sita za kukamata kila jani linalopita. Kwenye majani anahitaji chambo chenye ndoana moja, ncha yake imefichwa kwenye mwili wa plastiki laini au imezuiwa na waya mwembamba. Samaki akibana, plastiki inabonyea na ncha inatoka. Vipo, na vingine ni bei nafuu kuliko nilivyonunua, ila kwenye picha vinaonekana kama mnyoo uliokufa, kwa hiyo sikuviangalia mara mbili.

Rangi nayo ina mambo yake. Mvua zikinyesha, maji yanayoshuka kutoka mashambani huku kwetu yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Karibu na mdomo wa Mto Simiyu, pale unapoingia Ghuba ya Speke upande wa Magu, ni tope. Kisamaki cha fedha kinachofanana na dagaa hakionekani humo. Kwenye tope chukua cheusi kitakachoonekana kama kivuli, au njano kali na rangi ya chungwa, na kiwe na vigololi ndani vinavyogonga ili samaki asikie kabla hajaona. Vya fedha viuze kwa wanaovua maji maangavu.

Sasa niwaambie lile lililoniuma zaidi, maana hapo sikukosea kipimo tu, nilikosea samaki. Yule kijana wa lambo alikuwa anavua kambare. Kambare naye, mvua zikija, huingia kwenye nyasi zilizofurika kutaga, sawasawa na pike kwenye zile video. Ndiyo maana nilidanganyika. Lakini pike anawinda kwa macho, wakati kambare ana macho madogo na sharubu ndefu, anatafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwenye tope. Unamrushia plastiki isiyo na harufu ya kazi gani? Wa lambo muuzie ndoana nzuri moja moja, mshipi mnene na boya, mwambie atafute minyoo au utumbo wa kuku. Faida kwa kipande ni ndogo, ila anarudi. Mwenye kuvua sato naye usimpe visamaki vikubwa, muuzie ndoana ndogo.

Anayefanana na pike kwa uwindaji ni sangara. Anatumia macho, anapenda mwanga hafifu, na jioni au alfajiri husogea karibu kufuata samaki wadogo. Huyo ndiye mteja wa chambo cha bandia. Hata hivyo msijidanganye kwamba kila mvuvi wa sangara atanunua. Wenye mishipi mirefu yenye ndoana nyingi hutumia chambo hai, furu au vitoto vya kambare, na hawana sababu ya kuacha. Soko langu ni wanaovua kwa fimbo au kwa mkono. Ni wachache, na ningejua hilo nisingeanza na vipande 60. Huyo wa sangara muuzie pia mshipi mnene, kwa sababu kifuniko cha matamvua yake kinakata. Mkumbushe kwamba sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, ili akikamatwa naye asiseme zana nilinunua kwa fulani. Na wewe muuzaji pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako uulize leseni zinavyokwenda kabla hujaagiza.

Siku hizi mteja akiniandikia "bei gani hicho", sijibu bei. Namuuliza anavua wapi, samaki gani, na akisimama hapo maji yanamfika wapi mwilini. Hilo la mwilini ndilo linalosaidia sana, kwa sababu ukimuuliza mita anakisia. Wengine wanakasirika na kuondoka, sawa. Picha napiga kisamaki kikiwa kwenye beseni, ulimi unaonekana, rula pembeni, na naandika "cha juu juu" au "cha kuzama". Oda mpya nachukua vipande sita vya aina moja, navijaribu mwenyewe kwenye ndoo, na kimoja nampa mvuvi wa Lamadi akitumie wiki nzima bure kabla sijakipost.

Ule mzigo wa mwanzo nilikuja kuupunguza kwa wenye mitumbwi wanaoburuta kwenye kina kirefu, kwa bei ya hasara. Vimebaki 14. Kama kuna mtu humu ana wateja wenye mitumbwi, vina ulimi mrefu, vinaelea, rangi ya fedha. Kwa maji ya magotini sikuuzii.