Tusiitupe Ngozi Nyeusi ya Foto



Wengi wametuuliza sisi wa darasa la mwisho tulikuwa tunafanya nini nyuma ya jiko na beseni, javeli na vipande vya kioo. Wengine walisema tunatengeneza sabuni ya kuuza. Apana. Tulikuwa tunafua foto. Leo tunaeleza kazi hiyo tangu mwanzo, maana tumejifunza jambo ambalo linaweza kumfaa kila mtu mwenye jamaa na mwenye nyumba hapa Kasenga.

Mwanzo wake ni huu. Fotografu mmoja mzee wa mtaa wetu aliacha kazi, akatupa aparei yake ya macho manne, ile iliyokuwa ikitoa foto nne za pasipoti kwa mara moja. Pamoja nayo alitupa pakiti mbili za filimu ya Fuji FP-100C, alizonunua zamani Bujumbura. Kila pakiti ina picha 10. Tarehe iliyoandikwa juu ya boksi ilikwisha pita miaka mingi. Mzee akacheka, akasema: "Batoto, hii filimu ilisha kufa. Mujaribu tu, lakini musilie."

FOTO YA PAPO HAPO INAFANYAJE KAZI?

Foto za namna hii zilibuniwa na Mmarekani Edwin Land. Inasimuliwa kwamba mwaka 1943 binti yake mdogo alimwuliza kwa nini hawezi kuiona picha palepale. Land akafikiri sana juu ya swali hilo la mtoto. Mwaka 1947 akawaonyesha wataalamu kazi yake huko New York, na mwaka 1948 kamera yake ya kwanza ya Polaroid ikauzwa Boston. Baadaye kampuni ya Fuji ya Japani nayo ikatengeneza filimu za papo hapo.

Katika filimu ya kubandua, kila foto ina karatasi mbili. Ya kwanza ndiyo inayoona mwanga, nayo huitwa negativi. Ya pili haioni mwanga hata kidogo. Inangoja tu kupokea. Pembeni kuna kifuko chenye dawa nzito kama uji. Ukivuta foto itoke, inapita katikati ya vyuma viwili vya mviringo vinavyopasua kile kifuko na kupaka dawa katikati ya karatasi zote mbili. Hapo dawa inaamsha picha, na rangi zinasafiri kutoka negativi kwenda kwenye karatasi ya pili. Baada ya muda unabandua, kama mtu anayemenya ndizi. Karatasi nzuri unampa mteja. Ile ingine, yenye mgongo mweusi na dawa inayonata, unaitupa.

Hivyo ndivyo walivyofanya mafotografu wote tuliowauliza. Waliitupa. Kumbe rangi zote hazikusafiri. Zilizobaki katika ile ngozi nyeusi ni picha kamili, ila iko kinyume: penye weupe pana giza, na penye giza pana weupe.

FILIMU IKIFA INAKUWAJE?

Polaroid walitangaza mwaka 2008 kwamba wanaacha kutengeneza filimu zao, na Fuji wakaiacha FP-100C mwaka 2016. Kwa hiyo pakiti yoyote ya FP-100C utakayoikuta leo ni ya zamani. Filimu inazeeka kama unga: joto na unyevu ndivyo adui zake. Kwanza inapunguza nguvu ya kuona mwanga. Pili rangi zake zinahama. Tatu dawa inakauka ndani ya kifuko, haifiki pembeni, na foto inatoka na mabaka. Dawa ya kuzuia uzee huo ni frigo, lakini nani asiyejua habari ya umeme wetu?

Lakini filimu iliyokwisha muda si takataka, na Kivu yetu ni ushahidi. Kuanzia mwaka 2010 Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alikuja mashariki ya Kongo na filimu ya Kodak Aerochrome, ambayo kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza. Ilibuniwa kwa kazi za jeshi, kugundua adui aliyejificha katika majani, kwa sababu inaona mwanga ambao macho yetu hayaoni. Majani mabichi hutoka na rangi ya waridi. Kazi yake iitwayo The Enclave ilionyeshwa Venice, Italia, mwaka 2013, na watu wa mbali wakaviona vilima na vita vya kwetu kwa rangi hiyo. Basi tukasema: kama filimu iliyoachwa na kiwanda ilifanya kazi hiyo, sisi tutashindwa na pakiti mbili?

TULIVYOPIGA

Kwa kuwa filimu mzee haioni vizuri, tuliipa mwanga zaidi ya ule unaoandikwa kwenye boksi. Tulipiga asubuhi, kivulini penye mwanga mweupe, si juani saa sita. Foto inavutwa moja kwa moja bila kusimama; ukisitasita, dawa inajikusanya mahali pamoja na kuacha mistari. Kwenye nyuzijoto 25 inangojwa karibu dakika 2, na kukiwa na joto zaidi muda unapungua. Sisi tulihesabu sekunde 90.

Hatutawaficha: pakiti ya kwanza karibu yote iliharibika. Vifuko vitatu vilikuwa vimekauka kabisa. Foto ingine ilikatika mikononi mwetu kwa sababu ya kuvuta kwa pupa. Tukakumbuka neno la mzee, lakini hatukulia.

NAMNA YA KUFUA NEGATIVI

1. Ukishabandua, usiiguse dawa. Inachoma ngozi. Ikikupata, nawa kwa maji mengi. Laza negativi, upande wa picha juu, mahali pasipo vumbi hadi ikauke. Sisi tuliiacha tangu asubuhi hadi jioni.

2. Ilaze juu ya kioo safi, sasa upande wa picha uelekee kioo na mgongo mweusi uwe juu. Bandika skochi pande zote nne bila kuacha nafasi hata ya unywele. Hapa ndipo tulipopoteza negativi ya kwanza: javeli iliingia chini, ikala picha yote kwa dakika moja.

3. Vaa glavu, kaa nje penye hewa. Paka javeli juu ya ule weusi. Utauona unalainika na kuachia. Futa polepole kwa sponji, suuza kwa maji, rudia mpaka kioo kionekane upande wa pili. Angalisho kubwa: javeli isichanganywe kamwe na siki, ndimu, dawa ya choo wala mkojo. Hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua. Wadogo wa madarasa ya chini wasifanye kazi hii peke yao.

4. Ondoa skochi. Geuza, suuza upande wa picha kwa maji matupu, ukisugua taratibu kwa kidole chenye glavu mpaka uji wote uliokauka utoke. Maji ya mwisho tia tone moja la sabuni, ili yasiache madoa.

5. Ining'inize kwa kibanio cha nguo. Ikikauka, ishike mbele ya dirisha au juu ya kioo cheupe cha telefone, uipige picha kwa telefone ingine, kisha ugeuze rangi. Giza linakuwa mwanga, na mtu anakutazama.

Kumbuka kwamba si kila filimu inafuliwa hivi. Tunasema habari ya FP-100C ya rangi. Ndugu yake ya nyeusi na nyeupe, FP-3000B, haihitaji javeli. Negativi yake inakaushwa na kupigwa picha jinsi ilivyo.

USO WA MZEE SENTINELI

Sasa tuseme sababu ya kuandika yote haya. Ninyi nyote mnamfahamu mzee sentineli wetu. Usiku wa mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake, nyumba yake ilikwenda na maji. Ndani yake ilikuwa foto moja tu ya marehemu mke wake, foto ndogo ya pasipoti. Fotografu aliyempiga ni yuleyule aliyetupa aparei. Tulipomwuliza kama negativi yake iko, alinyamaza kidogo, akasema: "Tulikuwa tunazichoma, batoto. Kila jioni, nyuma ya nyumba. Tulijua ni uchafu." Mzee sentineli alikuwa amesimama pale akisikia. Hakusema neno.

Basi katika pakiti ya pili tulimpiga yeye mwenyewe, pamoja na mjukuu wake. Tulikuwa tumeogopa filimu iliyokufa, tukaipa mwanga kupita kiasi. Karatasi ilipobanduliwa, mashati yalionekana, lakini nyuso zilikuwa nyeupe kama karatasi yenyewe. Mtoto akauliza: "Babu yuko wapi?" Tuliona haya. Tulitaka kuitupa.

Jioni tukaifua negativi yake. Nyuso zilikuwamo zote. Macho, ndevu, hata lile kovu la paji la uso. Maana negativi inashika mwanga mwingi kuliko karatasi. Pale karatasi inaposhindwa na kubaki nyeupe, negativi bado ina habari. Tuliipeleka kwenye kioski cha foto, wakaitoa mara mbili. Moja iko kwa mzee, moja kwa mjukuu, na negativi imo katika bahasha kavu, katika kabati la shule, juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki kwa urahisi.

Wenzetu, katika ibada tumesikia mara nyingi jinsi Bwana Yesu, watu walipokwisha kushiba, alivyowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Sisi tulidhani ni habari ya mkate tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mkienda nyumbani kwa likizo, ulizeni wazazi, na zaidi wajomba na mababu waliofanya kazi ya foto. Kama kuna boksi lenye ngozi nyeusi za foto za rangi za Fuji, lisichomwe. Leteni, tutazifua bila malipo, na mwenye uso wake atapewa. Pili, foto mnazopiga leo kwa telefone zitoeni nakala na kuziweka mahali pawili, maana telefone nayo inaibwa, na maji hayachagui.

Sisi tunaondoka mwaka huu baada ya Mtihani wa Serikali. Beseni, vioo na bahasha tunawaachia wa darasa linalofuata. Filimu imebaki foto 3. Tunawaomba wasizipige ovyo.