Kakao na uzee mwema: utafiti unasema nini juu ya vidonge vya flavanoli?

Kakao inayolimwa Beni, Kivu Kaskazini, na Mambasa, Ituri, husafirishwa ng'ambo kutengenezwa chokoleti. Lakini leo kakao inauzwa pia katika vidonge, kwa ahadi kwamba vinawalinda wazee moyo na akili.

Kinachotafutwa humo ni flavanoli, aina ya flavonoidi, yaani viini vya mimea vinavyopatikana pia katika chai na tufaha. Flavanoli husaidia mishipa kutanuka, damu ikapita kwa urahisi.

Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Jaribio kubwa liitwalo COSMOS lilifanyika Marekani, likiongozwa na watafiti wa Brigham and Women's Hospital ya Boston. Walishiriki watu 21.442: wanawake wenye miaka 65 na zaidi, na wanaume kuanzia miaka 60. Nusu yao walimeza miligramu 500 za flavanoli kila siku. Wengine walipewa vidonge visivyo na kakao.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Magonjwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 10, tofauti ndogo ambayo huenda ni ya bahati tu. Vifo vitokanavyo na magonjwa hayo vilipungua kwa asilimia 27, lakini hilo halikuwa swali kuu la jaribio, kwa hiyo lingali linahitaji kuthibitishwa. Upande wa akili, washiriki zaidi ya 2.200 walipimwa kwa miaka mitatu, na kakao haikuonyesha faida. Msomaji ajue pia kwamba kampuni ya Mars, inayotengeneza chokoleti, ilichangia fedha na vidonge.

Tena, chokoleti si sawa na vidonge hivyo. Wanunuzi wanamtaka mkulima achachushe mbegu vizuri ili ziwe na ladha, na uchachushaji huo, pamoja na kukaanga, ndio unaopunguza flavanoli. Kisha kiwandani huongezwa sukari na mafuta.

Kwa hiyo mzee mwenye tansio asiache dawa za daktari kwa ajili ya vidonge vya kakao, wala asitumie pesa za chakula kuvinunua. Matunda, mboga, chumvi kidogo na kutembea kila siku vina ushahidi mkubwa zaidi, na vingi vyake havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.