Vipovu vya kubeba dawa ya saratani: vimefika wapi?

Ukitaja ultrasaundi kwa akina mama wa Mamboya, wilayani Kilosa, mazungumzo yanakwenda moja kwa moja kwenye ujauzito: mtoto amelalaje, moyo unapiga, kondo liko wapi. Wachache watafikiria kwamba mawimbi yale yale ya sauti yanajaribiwa kupeleka dawa ndani ya uvimbe wa saratani. Habari za namna hii hufika kwenye simu kabla hazijafika zahanati, kwa hiyo tuiweke sawa mapema.

Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini. Chanzo chake karibu mara zote ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kirusi hicho kikikaa muda mrefu, jeni zake mbili, E6 na E7, hukata breki za seli, nayo ikaanza kugawanyika bila mpangilio. Jeni haifanyi kazi yenyewe. Hutuma ujumbe uitwao RNA, kama mwenye shamba anayetuma barua kwa vibarua. Barua ikichanwa njiani, kazi haifanyiki. Huko ndiko kunyamazisha jeni.

Njia hiyo ilielezwa mwaka 1998 na Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello, waliofanya utafiti kwa minyoo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walizinyamazisha E6 na E7 katika seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizooteshwa maabara. Seli zilizopoteza E7 zilikufa.

Kwa nini basi hatuna dawa hiyo hospitalini? Tatizo ni safari. Ikichomwa kwenye mshipa bila kinga, dawa ya RNA huvunjwa haraka na damu, nyingine hutolewa na figo au kuishia kwenye ini. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa, mwaka 2018, ililenga ini, tena kwa ugonjwa usio saratani.

Hapo ndipo vipovu vinapoingia. Ni matone ya gesi yaliyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta, madogo kiasi cha kupita kwenye mishipa myembamba kabisa. Madaktari wa moyo wamevitumia kwa miaka mingi ili picha ionekane vizuri. Watafiti hubandika dawa kwenye utando huo, huvichoma mshipani, kisha huelekeza mawimbi kwenye uvimbe tu. Vipovu hutanuka na kusinyaa, vingine hupasuka, na msukosuko huo hufungua vitundu vya muda kwenye ukuta wa seli. Dawa huingia hapo hapo.

Kwa binadamu, hatua iliyofikiwa ni ndogo. Huko Bergen, Norway, wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho walipewa dawa ya kawaida ya saratani pamoja na vipovu na mawimbi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha wastani wa kuishi wa miezi 17.6, dhidi ya 8.9 kwa wagonjwa wa awali waliopata dawa peke yake. Yanatia moyo, ila watu 10 ni wachache mno, na dawa yenyewe haikuwa ya kunyamazisha jeni.

Kwa hiyo anayekuambia kipimo cha picha cha kliniki kinaweza kuyeyusha uvimbe anakudanganya. Kipimo kile kinaangalia tu. Usimuuzie mtu mbuzi kwa ahadi hiyo.

Ninachoogopa zaidi ni kusubiri. Wanawake wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa umesambaa, na kutoka Ukaguru hadi Dar es Salaam nauli na malazi humaliza akiba ya ukoo. Wakati huo huo, kuna kipimo kinachotumia siki: mhudumu hupaka mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa kwa kugandisha au kwa joto, mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, lakini kwa mwenye VVU asiyetibiwa huweza kuwa 5 hadi 10. Hivyo kipimo kinapendekezwa kuanzia miaka 30, na 25 kwa mwenye VVU. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi hakusubiri umri wowote.

Na binti? Chanjo ya HPV ilianza nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja, kampeni ikiwalenga wa miaka 9 hadi 14. Baba, angalia kadi ya mwanao.