Maisha ya Pili ya Kompyuta Kuukuu

Mwaka 2019 vyandarua vya aina nne viligawiwa katika vijiji vya Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, ili kupima kipi huwakinga zaidi watoto na malaria. Baada ya miaka miwili, maambukizo yalikuwa asilimia 45.8 palipogawiwa chandarua chenye dawa ya kawaida, na asilimia 25.6 palipogawiwa kile kilichoongezewa klofenapiri. Ili kupima uthabiti wa tofauti kama hiyo, mtakwimu huweza kurudia hesabu zake mara maelfu. Kazi hiyo yahitaji kompyuta yenye nguvu, nayo mpya ni ghali.

Je, iliyostaafishwa yafaa? Mtambo wa Ranger uliofanya kazi Texas, Marekani, tangu 2008 hadi 2013, ulikuwa na seva 3,936 zilizoendeshwa kwa Linux. Kila seva ilikuwa na chipu 4 za Opteron, na kila chipu viini 4 vya kukokotoa, yaani viini 16. Baada ya kustaafishwa, sehemu zake zilipelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania.

Linux ni mfumo endeshi usiodai ada ya leseni, na tangu toleo la 2.0 la mwaka 1996 umeweza kusimamia vichakato vingi kwa pamoja. Hufanya kazi ya mnyapara katika shamba la pamba: humgawia kila mchumaji mstari wake.

Lakini si kila kazi hugawanyika. Tuseme kazi ya saa 100 ina saa 10 zisizogawanyika. Saa 90 zilizobaki, zikigawanywa kwa viini 16, huwa 5.6, jumla ni saa 15.6. Hata viini vingekuwa milioni moja, kazi isingekwisha chini ya saa 10. Marudio ya mtakwimu, kwa bahati njema, hayategemeani; hugawanyika takriban yote.

Yapo pia mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 huzikataa chipu za kizazi hicho, ilhali Debian 13 ya mwaka 2025 huzikubali. Pili, seva inayokula wati 400 usiku na mchana humaliza yuniti 9.6 za umeme kila siku, hata ikiwa haina kazi. Seva ya msaada, basi, haina budi kuwashwa penye hesabu za kugawanya, na kuzimwa zinapokwisha. Vinginevyo ankara ya umeme itaimeza faida yote.