Jukwaa la Majadiliano au Orodha ya Barua Pepe: Mwananchi Aombe Wapi Msaada Mtandaoni?

Msaada ambao zamani ulitafutwa kwa jirani au kwa fundi wa karibu, leo hutolewa kupitia intaneti na mtu aliye mbali, asiyejulikana kwa sura wala kulipwa chochote. Njia mbili zimetumika kwa muda mrefu katika kusaidiana huko: orodha ya barua pepe na jukwaa la majadiliano. Mwananchi hana budi kuzifahamu kabla ya kuandika swali lake.

Orodha ya barua pepe huwa na anwani moja, na ujumbe unaotumwa hapo hupelekwa kwa kila aliyejiandikisha. Miongoni mwa programu za kwanza kuifanya kazi hiyo bila kutegemea mikono ya watu ni LISTSERV, iliyotengenezwa na Éric Thomas mwaka 1986. Faida yake ni kwamba majibu humfuata mwanachama alipo. Akishayapakua, huyasoma hata mtandao ukikatika. Wataalamu wanaoendeleza kiini cha mfumo endeshi wa Linux hadi sasa hukaguliana kazi kwa njia hiyo.

Jukwaa la majadiliano humtaka mwanachama aende kwenye tovuti. Huko maswali hupangwa kwa mada, jibu lililofaa huweza kuwekewa alama, na mgeni hupata suluhisho la jana bila kuuliza upya. Jamii ya watumiaji wa lugha ya programu ya Python ilianzisha jukwaa lake mwaka 2018, na mijadala yake mingi ikahamia huko kutoka kwenye orodha za barua pepe.

Tofauti iliyo nzito zaidi huonekana pale kosa linapotokea. Msimamizi wa jukwaa anaweza kufuta namba ya kitambulisho iliyoandikwa kwa bahati mbaya, ingawa huenda wengine wamekwisha kuiona. Barua iliyokwisha kuingia katika visanduku vya mamia ya watu hairudishwi. Hata hivyo, jukwaa likifungwa, maarifa yake huweza kupotea, ilhali nakala za barua hubaki kwa wanachama. Huduma ya Yahoo Groups, iliyohifadhi mijadala ya makundi mengi duniani, ilifungwa Desemba 15, 2020.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Hata hivyo, kinga ya kwanza iko mikononi mwa mwenye taarifa. Anayeomba msaada aeleze tatizo lake bila kutaja nywila, namba ya siri, namba ya simu wala namba ya kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa matapeli nao husoma. Atakayepokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu yake autume kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma.