Kalibu ya Utomvu wa Mpira

Wako watu wazima huko Uingereza na Marekani ambao, kazi zao zikiisha jioni, hujenga magari ya moshi madogo sana, pamoja na reli, vituo na madaraja yake, yote yakaenea juu ya meza. Kipimo kimoja kipendwacho Uingereza ni cha 1 kwa 76, hata mtu wa futi 6 hafikii inchi 1. Gari hununuliwa dukani. Lakini jabali la kando ya reli aghalabu hufanywa kwa mkono.

Mtu huokota jiwe la kadiri ya ngumi, lenye nyufa na kingo kali; hata kipande cha makaa ya mawe chafaa. Ulitazamapo kwa karibu waona ubavu mzima wa mlima. Jiwe hilo moja laweza kuzaa majabali mengi, maadam limetwaliwa kalibu.

Utomvu ni yale maziwa yatokayo katika gome la mti wa mpira ukigemwa. Hutiwa amonia kidogo usigande, nayo huchoma pua. Basi fungua madirisha. Chembe za mpira zaelea katika maji. Maji yakitoka, chembe hushikamana zikawa kama ngozi. Kwa hiyo ukiupaka mnene, juu hukauka, na maji hufungiwa chini.

Lisafishe jiwe. Chovya brashi katika maji ya sabuni kwanza, la sivyo nywele zake zitagandamana nawe utaitupa. Mpako wa kwanza uwe mwembamba, usukumwe ndani ya nyufa. Kiputo cha hewa kikibaki, kila jabali litazaliwa na chunusi mahali pale pale. Ngoja mpaka weupe wa maziwa uishe na rangi iwe ya manjano ipenyayo nuru, ndipo upake tena. Mipako 6 au 8 yatosha, na katikati yake vipande vya shashi vya kuitia nguvu.

Mimi mara ya kwanza sikungoja. Niliona juu pamekauka, nikavuta baada ya mpako wa nne. Ngozi ikachanika, na usiku ule nikakesha nikichokoa mabaki nyufani kwa sindano.

Ikiwa tayari, ipake poda isijishike, kisha uivue polepole kama mtu avuavyo soksi. Kwa kuwa mpira hunyumbuka, hutoka hata pale ambapo kalibu ya mti ingenasa. Igeuze, uilaze juu ya mchanga, umimine unga wa jasi iliyochomwa, uliokorogwa na maji kama uji. Ukiisha kuwa mgumu, bambua.

Wako watu ambao mwili huwawasha na kuvimba waugusapo utomvu. Hao wasiushike kabisa. Nayo kalibu isiguswe na mafuta, wala jua, wala chombo cha shaba, maana hivyo huuozesha mpira. Huwekwa gizani, na jabali lake la mwisho likiwa ndani, ili isipotoke.