Isaya hakumficha Hezekia ugonjwa wake

Leo naomba tuketi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Katika Isaya sura ya 38, Mfalme Hezekia anaugua karibu na kufa. Nabii Isaya anaingia na kumwambia wazi kwamba ugonjwa huo ni wa kufa, hivyo aweke nyumba yake sawa. Hezekia akageukia ukutani, akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Sura hiyohiyo inaeleza kuwa Isaya aliagiza jipu lake libandikwe tini. Ukweli, maombi na dawa vilikwenda pamoja, lakini ukweli ulitangulia.

Sasa twende Ngara na Biharamulo. Fikiri mama wa kijijini amelazwa wiki tatu. Ndugu wakiuliza, wanajibiwa kuwa vipimo vinaendelea. Siku moja wanakabidhiwa barua ya rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza. Imeandikwa kwa Kiingereza, nao nyumbani wanazungumza Kihangaza. Ng'ombe anauzwa ili ipatikane nauli. Mama anafariki bila yeye wala wanawe kujua alichougua. Baada ya mazishi minong'ono inaanza kwamba amerogwa, na jirani asiye na kosa anachukiwa. Wosia haukuachwa, shamba linagombaniwa.

Biharamulo inajua uzito wa jambo hili. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa kwa Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 walihesabiwa kufa, wanane kati yao kabla haujathibitishwa. Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, hata ya marehemu. Anayemuuguza mama yake, au kumwosha akifa, anastahili kujua anachokishika.

Tusiwatupie waganga na wauguzi lawama zote. Wao ni wachache, wagonjwa ni wengi, na mara nyingi sisi wenyewe huwavuta pembeni na kuwaomba wasimwambie mzee. Tunaita huo upendo, kumbe tunamnyima nafasi ya kutubu, kusamehe na kuaga.

Ndugu mtumishi wa afya, keti. Mwambie mgonjwa kwanza, kwa lugha anayoielewa, na kwa ridhaa yake waambie ndugu. Usilolijua, sema hulijui. Nawe mwenye mgonjwa, usiogope kuuliza: ni ugonjwa gani, tiba ipo, itagharimu kiasi gani? Mchungaji na padri, msitangaze uponyaji ili kuziba maswali. Wilayani Ngara, hospitali za Murgwanza na Rulenge zina mizizi kanisani, ya kwanza kwa Waanglikana, ya pili kwa Wakatoliki. Basi kusema kweli wodini nako ni utume wetu.

Katika Yohana 11, Yesu aliwaambia wanafunzi waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kisha akaenda Bethania, akalia pamoja na wafiwa. Nasi tufanye yote mawili: tuseme kweli, na tusimwache aliyeambiwa abaki peke yake. Wiki hii, ukienda kumwona mgonjwa, usikimbilie kumwambia atapona. Muulize kwanza ameambiwa nini, kisha umsikilize.

Jumapili njema.